Santuri 38 zilizooshwa zikatoka na kelele zaidi: uchambuzi wa kisa cha Arusha

Sanduku lilikuwa na santuri 38: LP 11, zile kubwa za inchi 12, na 27 ndogo za inchi 7, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Zilikaa miaka mingi juu ya kabati katika nyumba moja ya Kaloleni, chini ya dari lililokuwa likivuja kila masika. Kijana aliyezirithi kwa babu yake alipiga mbili tu kupima hali, akasikia mtatariko, kelele kama za kitu kinachokaangwa, akasimamisha sindano. Hapo alifanya vizuri. Akatafuta kifaa cha kuoshea cha mkono, kile chenye beseni jembamba na brashi mbili zinazotazamana, akaosha zote jioni moja. Kesho yake alipoziweka tena zile mbili za majaribio kwenye pleya, mtatariko ulikuwa umeongezeka.

Kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu kifaa kilikuwa kizima na mikono ilikuwa ya uangalifu. Kosa lilikuwa kwenye maji, na zaidi kwenye namna maji yalivyoondoka. Brashi inabandua uchafu kwenye mfereji wa santuri, ile njia nyembamba inamopita sindano, lakini haiutoi nje. Kinachoutoa ni kimiminika kinachochuruzika. Kimiminika kikiachwa kikaukie ndani, kila kilichobebwa nacho kinarudi mferejini, safari hii kikiwa kimeenea sawasawa upande mzima.

Kifaa chenyewe

Vifaa hivi viko vya aina mbili kuu. Kimoja, kama Spin-Clean ya Marekani, santuri inasimama juu ya magurudumu mawili madogo na unaizungusha kwa kuishika ukingoni. Cha pili, kama Knosti ya Ujerumani, kina vibano viwili vya duara vinavyofunga lebo pande zote mbili, na unazungusha kwa mhimili unaopita kwenye tundu la katikati. Kilichotumika Kaloleni kilikuwa cha aina hii ya pili: beseni, brashi mbili, vibano vyenye pete ya mpira, na kichanja cha kusimamishia santuri zikauke. Kilinunuliwa kikiwa kimeshatumika, na chupa ya dawa yake ilikuwa tupu.

Kwa santuri za Afrika Mashariki tunaipendelea aina ya vibano. Lebo nyingi za 45 ni karatasi isiyo na nta, wino wake ni mwepesi, na maji yakiigusa tu rangi inatembea.

Yaliyofanyika jioni ile

Beseni lilijazwa maji ya bomba, kama mililita 600. Zikamiminwa vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya vyombo. Kila santuri ilizungushwa mara tano kuelekea upande mmoja tu, ikainuliwa, ikafutwa juu juu kwa kipande cha khanga kuukuu, ikawekwa kwenye kichanja barazani. Alianza na LP, akamalizia na zile ndogo. Maji hayakubadilishwa hata mara moja. Ilikuwa Februari, kukavu, kuna upepo, na barabara ya mtaa haina lami. Asubuhi zikarudishwa kwenye karatasi zilezile zilizotoka nazo.

Dalili na jinsi ya kuzisoma

Kabla ya kugusa chochote tena, zilisikilizwa kwa makini kwa mpangilio uleule zilivyooshwa. Hatua hii watu wengi wanairuka, na ndiyo inayookoa kazi yote. Aina ya kelele inakuambia chanzo chake.

Santuri ya LP inazunguka mara 33⅓ kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Ile ndogo ya 45 inamaliza mzunguko kwa sekunde 1.33. Ukisikia kishindo kimoja kikali, kifupi, kinachorudi kila baada ya muda huo bila kukosea, huo ni mkwaruzo uliokata plastiki. Hakuna maji yatakayouondoa. Kishindo kikija ovyo, huku na kule bila mpangilio, hicho ni kitu kilicholala mferejini, na kinaweza kutoka.

Kuna cha tatu kinachowachanganya hata wazoefu, na ndicho kilichojaa kwenye sanduku hili. Mtatariko unakuja kwa mkupuo, unadumu sehemu ya mzunguko, unakatika, halafu unarudi mzunguko unaofuata mahali palepale. Mtu akiusikia unajirudia anasema ni mkwaruzo na kuitupa santuri. Mkwaruzo ni kishindo kimoja kifupi, hauna upana wa namna ile. Huo ni upinde wa maji yaliyokaukia upande mmoja. Santuri ikisimamishwa kwenye kichanja bila kufutwa ipasavyo, matone yote yanashuka kwenye ukingo wa chini, yanakusanyika pale na kukauka. Ukiinamisha santuri kwenye taa utauona upinde huo kama ukungu mwepesi.

Dalili hii ina ndugu yake: mwanzo wa kila upande ulikuwa mchafu kuliko mwisho wake. Sindano inaanzia ukingoni, na ukingoni ndiko maji yalikokaukia.

Kwa zile 45 hasara yake inauma. Nyingi za zama hizo, zikiwemo za bendi za Tanzania, zilichapwa Nairobi, na wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Ukigeuza, unakuta magitaa yameshachemka, na sekunde za mwanzo za upande huo ndizo zenye utamu wote. Arusha ni mji uliowahi kuwa makao ya Arusha Jazz ya ndugu wa Kinyonga, kabla hawajahamia Kenya na kujulikana kwa jina la Simba Wanyika. Sanduku la 45 katika mji kama huu ni kumbukumbu ya muziki ambao mara nyingine haupo popote pengine.

Dalili ya nne ilikuwa mpangilio wa ubaya wenyewe. LP za mwanzo zilitatarika kiasi, na kadiri ulivyokwenda kwenye zilizooshwa baadaye, hali ilizidi kuharibika. Kumi za mwisho zilikuwa hazisikilizwi. Hiyo haielezeki kwa umri wa santuri. Inaelezeka kwa beseni moja lililobeba uchafu wa zote.

Ya tano ilikuwa kwenye sindano. Baada ya kila upande ilibeba fundo dogo la unga mweupe unaonata. Vumbi la kawaida ni la kijivu na linapeperuka. Unga unaonata ni mabaki ya sabuni pamoja na chumvi za maji.

Kwa nini maji ya Arusha

Mfereji wa santuri ya LP una upana wa kama milimita 0.05, nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuchapishia. Upande mmoja wa dakika 20, ukiunyoosha mfereji wake, unapata zaidi ya mita 400. Ndani ya njia hiyo sindano inasoma mawimbi madogo mno, hivyo chembe ya chumvi usiyoiona kwa macho ni mwamba.

Maji ya miteremko ya Mlima Meru yanajulikana kwa floridi. Visima vingi vya huku vinazidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Floridi yenyewe haiidhuru santuri. Ila ni ishara ya maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano na kuyeyusha mengi njiani, hasa chumvi za bikaboneti ya sodiamu. Chukulia lita moja ina miligramu 500 za vitu vilivyoyeyuka, na santuri imebakiwa na mililita 2 tu za maji upande mmoja. Yakikauka, inabaki miligramu 1 nzima imetandazwa mferejini. Aliye Moshi, hata kama bomba lake linatoa maji mepesi ya Kilimanjaro, asibahatishe.

Kupima ni rahisi. Chukua kioo cha kujitazamia, kisafishe vizuri, dondosha tone la maji ya bomba na pembeni yake tone la maji unayofikiria kutumia. Yaache yakauke yenyewe. Duara jeupe linalobaki ndilo litakalobaki kwenye santuri. Kuchemsha hakusaidii: kunaua vijidudu, lakini chumvi zinabaki, tena kwa wingi zaidi kwa kila lita kwa sababu maji yamepungua. Maji ya kunywa ya chupa nayo yana madini. Ya mvua yakitoka kwenye bati yamebeba vumbi la bati.

Yanayofaa ni maji yaliyotolewa madini, na hapa kwetu njia ya karibu ni maji ya betri, yale ya kuongezea, yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri. Kuna hatari moja ya kuepukwa kwa bidii. Maduka hayohayo yanauza asidi ya betri, wakati mwingine kwenye madumu yanayofanana. Nunua chupa iliyofungwa kiwandani, iliyoandikwa waziwazi, na usikubali kupimiwa kutoka kwenye dumu. Halafu nyumbani, kabla ya chochote, mimina kidogo kwenye kikombe cha kioo na utie chembe za magadi. Yakitoa povu la mapovu madogo, hiyo ni asidi: usiguse, irudishe. Yakitulia, endelea na kipimo cha kioo.

Sabuni, khanga na baraza

Vijiko viwili vya chakula ni kama mililita 30 ndani ya mililita 600, sawa na mililita 50 kwa lita. Kiasi kinachohitajika ni matone matatu kwa lita, yaani mililita 0.15 hivi. Ilizidishwa zaidi ya mara mia tatu. Kazi ya sabuni hapa ni moja: kulegeza maji ili yashuke mpaka chini ya mfereji badala ya kukaa juu kama matone. Zaidi ya hapo ni mzigo. Sabuni nyingi za vyombo pia zina rangi, manukato na losheni ya kulainisha mikono, na losheni hiyo inabaki kama utando.

Khanga kuukuu inatoa nyuzi. Kinachofaa ni kitambaa cha maikrofaiba cha kufutia magari, kifuliwe kwanza bila dawa ya kulainishia nguo. Na baraza la Februari ni mahali pabaya kabisa: santuri mbichi inanasa vumbi la volkano, ambalo chembe zake ni ngumu na zina kona kali. Chembe hizohizo zikikwama kwenye brashi ya kifaa, brashi inakuwa msasa.

Kuhusu kurudisha kwenye karatasi za zamani hatuna mengi ya kusema. Kuvu ilikuwa kwenye karatasi hizo. Kuosha santuri na kuirudisha humo ni kuipandikiza kuvu upya.

Kuosha upya

Mambo yalianza na kibano. Lebo sita zilikuwa zimelowa katika kuosha kwa kwanza, rangi imetembea. Pete ya mpira ilikuwa imekauka na kupoteza unyumbufu, na kibano kilikazwa nusu. Jaribio lake ni hili: chukua santuri isiyofaa tena, weka duara la tishu juu ya lebo, funga kibano, tumbukiza na uzungushe mara kumi. Fungua. Tishu ikiwa na unyevu, safisha pete, ipake mafuta ya silikoni kidogo sana, kaza, urudie. Hapa ilikubali mara ya pili. Ingekataa, pete ingebadilishwa kabla ya kugusa santuri nyingine.

Kisha mchanganyiko: mililita 900 za maji ya betri, mililita 100 za alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, matone matatu ya sabuni isiyo na losheni. Alkoholi hii mafundi simu wanaitumia kusafishia bodi, kwa hiyo waulize wanakonunua vipuri. Spiriti ya kidonda ya duka la dawa haifai. Mara nyingi ina rangi au mafuta yanayobaki. Alkoholi inashika moto, basi kazi ifanyike mbali na jiko, dirisha likiwa wazi kidogo. Ambaye kifaa chake kina dawa yake ya kiwandani atumie hiyo kwa kipimo kilichoandikwa, asiongeze kitu.

Onyo kwa wenye masanduku ya zamani zaidi: zile nzito za mizunguko 78, zinazovunjika kirahisi, ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu uliotumika kabla ya plastiki, na alkoholi inaiyeyusha shelaki. Zisiingie kabisa kwenye beseni lenye mchanganyiko huu. Sanduku hili halikuwa nazo.

Kila santuri ilitolewa vumbi kavu kwanza, nje, kwa brashi laini ikifuata duara la mifereji, mwoshaji akiwa amevaa barakoa kwa sababu ya kuvu. Ikafungwa kibano, ikatumbukizwa. Mchanganyiko ufike juu ya mfereji wa mwisho, karibu na ukingo wa kibano; kwa 45 kipimo hiki ni cha kukagua kwa macho, kwa kuwa mhimili unakaa tundu la chini zaidi na kina kinabadilika. Mizunguko mitano polepole kwenda mbele, mitano kurudi nyuma. Kuzungusha kwenda na kurudi ni lazima, kwa sababu nyuzi za brashi zinalala na kusafisha ukuta mmoja tu wa mfereji vizuri. Zenye kuvu zilizungushwa polepole kwa dakika mbili kwanza ili ilainike.

Hatua iliyobadilisha matokeo ndiyo hii inayofuata. Kibano kikiwa bado kimefungwa, santuri inashikwa wima juu ya ndoo na kupuliziwa maji matupu ya betri kwa chupa ya kupulizia, kuanzia juu kushuka, inageuzwa robo mzunguko, inapuliziwa tena, mpaka duara likamilike. Kama mililita 30 kila upande. Ifanyike mara tu inapotoka kwenye beseni. Ikisubiri hata dakika chache kwa ukavu wa Februari, ukingo unaanza kukauka na umerudi ulikotoka.

Halafu vitambaa viwili. Cha kwanza kinagusishwa tu kunyonya matone bila kusugua. Cha pili, kikavu, kinapita kwa duara kikifuata mifereji, kwa uzito wa mkono wenyewe. Kusugua kwa nguvu kunazalisha umeme tuli, na umeme tuli unavuta vumbi lililoko chumbani. Mwisho kichanja, ndani, kwenye chumba kilichofungwa na sakafu iliyopigwa deki saa moja kabla. Kila baada ya dakika kumi santuri iligeuzwa nusu mzunguko ili hata unyevu uliobaki usikusanyike upande mmoja. Saa moja ilitosha. Juani hapana, hata kwa haraka gani. Plastiki hii inaanza kulegea inapokaribia nyuzi joto 60, na juu ya bati au ndani ya gari hufiki mbali kuzipata.

Mchanganyiko ulibadilishwa kila baada ya santuri nane, na kila mara beseni na brashi vilisuuzwa. Hesabu yake: mabeseni matano ya mililita 600 ni lita 3, na kusuuza santuri 38 kwa mililita 60 ni lita 2.3. Nunua lita 6. Anayeona ni ghali apunguze idadi ya santuri kwa siku, asipunguze maji.

Karatasi mpya zilitengenezwa hapohapo. A3 moja nyeupe ikikunjwa katikati inatosha 45 moja. Kwa LP, A2 ikikunjwa inapwaya upande mmoja na kupungua nusu sentimita upande wa pili, kwani LP ina sentimita 30.2, chukua karatasi ya flipchati uikate. Gundi ibaki nje ya mkunjo. Mifuko laini ya PVC, ile inayonuka plastiki, isitumike: vilainishi vyake vinahamia kwenye santuri na kuacha ukungu usioosheka.

Matokeo

Sindano ilisafishwa kwanza kwa brashi ndogo yenye alkoholi kidogo, kutoka nyuma kwenda mbele, kamwe si kinyume. Santuri zikasikilizwa tena kwa mpangilio uleule.

Kati ya 38, 29 zilitulia: mikupuo ya kila mzunguko imeisha, mwanzo unalingana na mwisho, sindano inatoka safi. Tano zilibaki na vishindo vikali vya mkwaruzo, vilivyokuwepo tangu awali ila vilikuwa vimefunikwa na mtatariko. Nne zina mvumo wa kudumu. Hizo kuvu ilikaa muda mrefu mpaka ikala uso wa plastiki, na ukiziinamisha kwenye taa unaona madoa yasiyong'aa hata zikiwa safi kabisa. Zilioshwa tena kwa mchanganyiko huo, hazikubadilika, na hapo ziliachwa. Kuziosha tena na tena ni kuchosha brashi.

Zile tano za mkwaruzo zinapigika bila kuruka. Zile nne za kuvu, mbili kati yake ni 45 ambazo familia haina nakala nyingine, na tunashauri zirekodiwe kwenye kompyuta sasa hivi zilivyo, pande zote mbili, bila kuchujwa kelele. Nakala ghafi ikihifadhiwa, uchujaji unaweza kufanywa wakati wowote baadaye. Lebo sita zilizolowa zimekauka zikiwa bapa, zimebanwa kati ya karatasi mbili nyeupe. Rangi iliyotembea haitarudi, maandishi bado yanasomeka.